Kumbe Tumekaa Tu

Jumapili usiku nilimwomba mdogo wangu ajifanye jopo la usaili. Akavaa koti la marehemu baba, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akanikazia macho kama mtu anayenidai. Jina, elimu, kwa nini unaomba nafasi ya Afisa Hesabu Daraja la II. Kote huko nikapita. Kisha akauliza, "Tangu umalize chuo 2019, umekuwa ukifanya nini?"

"Nimekaa tu nyumbani."

Mama alikuwa anachambua mchele wa kuloweka. Mkono ukasimama juu ya ungo. "Kumbe tumekaa tu," akasema. Akatoa chuya moja, akaitupa, akaendelea.

Hakusema umekaa. Tumekaa. Leo Alhamisi na bado nazisikia hizo "tu" mbili, ya mwanzo inayoniweka pamoja naye na ya mwisho inayotufuta wote. Wiki hii tumemzika bibi wa nyumba ya pili na upepo umeng'oa bati la jiko, lakini mimi nimebaki palepale penye ungo.

Mnaonifuatilia mnajua saa kumi alfajiri tunakuwa wapi: jikoni, tukipika vitumbua vya kuuza. Yeye na upawa wake, mimi na kijiti cha kugeuzia, macho yote mawili yakilia moshi. Kukaa gani huko?

Jana nilikuwa napanga vyeti kwenye bahasha. Wanataka halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na nauli ya Tanga mpaka Dodoma na pa kulala ni juu yangu. Chini ya vyeti nikakuta daftari la madeni la zamani. Mwandiko wangu. Kwenye gamba nilikuwa nimepiga hesabu siku mchele ulipopanda: tukiongeza bei, wanafunzi watatukimbia, tukipunguza ujazo wa upawa, tutatukanwa. Tukaacha bei, tukaacha upawa, tukafuta kukopesha. Mwalimu mmoja alinuna wiki mbili, akaja kulipa lote, na akachukua vitumbua kumi. Nikacheka peke yangu chumbani kama chizi.

Jioni nikamrudisha mdogo wangu kwenye ndoo. Swali lilelile. Nikajibu kwa sauti ili jikoni wasikie: "Nimekuwa nikitunza hesabu za biashara ya chakula ya familia. Mtaji, manunuzi na madeni."

"Na mwenye biashara mbona humtaji?" Mama huyo, mlangoni.

"Nitamtaja, mama."

"Mtaje. Na useme vitumbua, usiseme chakula. Watadhani tuna hoteli."

Akarudi jikoni. Nadhani tumepatana, usiku aliniwekea ukoko wa nazi bila kusema kitu.

Ila nilipolichukua lile koti nikalitundike, simu ikadondoka mfukoni. Si ile ya mdogo wangu yenye kioo kilichopasuka. Mpya, bado ina karatasi ya dukani. Anasema kaazimwa. Na nani? Na rafiki. Rafiki yupi? Akachukua simu akatoka, na mpaka naandika hivi, saa nne na nusu, hajarudi.