Jiko la bibi

Mwaka 2018, masika yakiwa mlangoni, mwamba wa mbele wa nyumba ya bibi kule Matondoni, kisiwani Lamu, ule mti wa kulala unaobeba paa, ulipinda. Mchwa. Ukiugonga kwa mpini wa kisu ulilia kama debe tupu, na kipaa chote cha makuti kilikuwa kimelala upande, mfano wa mzee aliyesinzia barazani.

Nyumba ile aliijenga babu: nguzo za mkoko, fito za kusimama na za kulala, katikati vijiwe na udongo, kisha chokaa. Matondoni ni kwa mafundi wa majahazi, basi kila kiungo kilifungwa kwa kamba ya makumbi na watu waliojua kufunga.

Tatizo lilikuwa boriti. Februari ile serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima, mikoko ya Lamu nayo ikiwemo. Kijiji kimezungukwa na mikoko, na boriti ya kununua hakuna! Ami akasema tubomoe, tupige matofali na bati. (Ami analala Mombasa, chini ya feni.) Bibi hakumjibu, alimmiminia kahawa tu.

Fundi mzee tuliyemwita hakuutazama sana ule mwamba. Alizunguka hadi uani, akasimama mbele ya jiko, akapapasa boriti zake, nyeusi tititi kwa moshi wa miaka. Mchwa hawakuzigusa hata moja. Bibi alielewa kabla yetu.

"Zitwae," akasema. "Mimi ntapika chini ya mwembe."

Siku ya kazi tulishusha makuti tangu alfajiri. Udongo ulipomomonyoka, kamba za babu zikatokea, ngumu hata kisu kikasita. Lakini kwenye pembe ya ukumbi palikuwa na kiraka changu. Miaka ya nyuma, nikiwa nimetoka shule na ujuzi mwingi, nilikuwa nimeshikiza fito pale kwa misumari. Upepo wa bahari ulikuwa umeila yote. Fundi akauvuta mmoja kwa vidole viwili, ukatoka na unga mwekundu, na mti umeoza kuuzunguka. Akanitia ule msumari kiganjani, akarudi kazini. Afadhali angenitukana.

Boriti za jiko zilikuwa fupi, hivyo mbili ziliungwa kwa kuchongwa mshazari na kufungwa kamba, vile wanavyounga mti wa jahazi. Adhuhuri mwamba ukapanda. Bibi akaushika kwa mikono miwili, akajining'iniza, miguu ikaacha ardhi, naye ana umri ule! Tulipiga kelele sote. Mwamba haukulia.

Mwaka uliofuata Lamu iliruhusiwa tena kukata mikoko. Nikampelekea boriti nne za jiko jipya. Alizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole.

"Ziweke hapo," akasema. "Hizi hazijala moshi."

Akarudi chini ya mwembe kupuliza moto wake.