Bastola na mtoto nyumba moja

Wazazi wenye bastola, kosa linaloua ni hili: umechomoa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), ukaamini silaha ni tupu. Risasi moja huenda bado imo kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu! Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute sehemu ya juu nyuma, utazame chemba na kuipapasa kwa kidole. Ukianza kuvuta, magazini inapandisha risasi nyingine. Kufuli la waya lipite tundu la kutolea maganda, litokee chini kwenye mpini. Risasi zifungiwe kwingine. Juu ya kabati si maficho, watoto hupanda. Kule Michigan, Marekani, baba alinunua bastola. Siku nne baadaye, 30 Novemba 2021, mwanawe wa miaka 15 akaua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walifungwa, miaka 10 hadi 15 kila mmoja.