Kilo 4 za chai

Siku gunia lilipoanguka, mimi ndiye niliyepima chai iliyomwagika. Kilo 4 na gramu 200. Nikaandika kwenye daftari la stoo: tarehe, nambari ya loti, gunia 1 limepasuka, kiasi kilichozolewa. Nikatia sahihi, na karani mwenzangu akatia yake. Mwenye chai ana haki ya kujua kila gramu ilikokwenda.

Nisichokiandika ni kwamba gunia lilitoka paleti ya tatu juu, likatua palepale alipokuwa ameinama mama anayetufagilia. Alikuwa ndio kwanza amesogea kufuata kizoleo. Tukamzunguka, tukamshika mikono, "Mungu amekuepusha mama, Alhamdulillahi," mmoja akamletea maji. Dakika kumi hazikupita, kila mtu amerudi kazini.

Mungu nilimshukuru kwa dhati, na bado namshukuru. Ila nimekuja kuona kwamba pale kwetu Shimanzi, na nadhani katika magodauni mengi ya Mombasa, shukrani ndiyo hufunga faili. Ukishasema Alhamdulillahi, anayeuliza "na kwa nini lilianguka?" anaonekana mtu asiyetosheka na rehema.

Wiki 3 baadaye likaanguka jingine, mrundo uleule. Hili lilimpata kibarua begani. Gunia la chai lina kilo sitini na kitu, mtulinga ulivunjika. Kwenye benchi la hospitali ndipo ndimi zilipofunguka. "Ile paleti ubao wake umekatika tangu Ramadhani." "Hata mimi niliuona." "Mimi niliweka kigingi kidogo." Nikahesabu watu watano waliojua, wa sita mimi, niliyepima chai hatua moja kutoka kwenye ubao wenyewe.

"Mbona hamkusema?" niliuliza, na swali lenyewe lilinitia haya kabla sijalimaliza. Kibarua huchaguliwa langoni kila asubuhi. Nyapara akikunyooshea kidole, watoto watakula. Akikuruka, unarudi nyumbani na kofia yako. Nani ataanza siku kwa habari za paleti mbovu? Naye dereva wa foklifti akisema breki zimelegea, swali la kwanza ni "nani aliziharibu?"

Sanduku la maoni tulikuwa nalo. Lilipigiliwa misumari chini ya dirisha la bosi, ili atakayetia karatasi aonekane vizuri. Nililifungua siku ile nikakuta karatasi ya peremende na mende mkavu.

Baada ya ajali tuliletewa mkufunzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama popote palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, nasi kamati yetu ilikuwa ya jina tu. Mkufunzi akachora piramidi ya mwaka 1931 ya Heinrich, Mmarekani aliyechunguza ajali za kazini: kwa kila jeraha kubwa 1, madogo 29, na matukio 300 yasiyomdhuru mtu. Hesabu hizo wataalamu wengi wanazitilia shaka, na mimi sikuzihitaji, mtulinga mmoja ulinitosha. Nilianza kusinzia. Kisha akasema kwamba Marekani, tangu 1976, rubani aliyeponea chupuchupu huandikia NASA badala ya mamlaka inayompa leseni, na jina lake hufutwa kwenye taarifa. Hapo nikafumbua macho. Anaambiwa asiyeweza kukufukuza!

Sisi mtu huyo tulikuwa naye, anauza chai na mahamri nje ya lango. Vibarua humwambia kila kitu. Basi nikaomba ruhusa niwe nakaa kwenye benchi lake saa nne, na daftari la bei rahisi, bila kuuliza jina. Wiki ya kwanza nililetewa malalamiko ya ovataimu na choo, nikayaandika yote. Wiki ya pili: foklifti haina honi. Taa ya mlango wa tatu imekufa. Ngazi ya nyuma, kipago cha nne kinazunguka. Nilijitahidi kila neno lipate jibu kabla ya jioni, hata kama jibu ni "fundi anakuja Alhamisi". Honi ilifungwa siku ileile. Nadhani honi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mkufunzi, maana kila ilipolia watu walikumbuka nani aliitaka.

Kisha kijana mmoja akakataa hadharani kupita chini ya mrundo ulioinama. Kesho yake nyapara akamruka langoni. Nikamfuata nyapara na kifungu cha 14 cha sheria ile ya 2007 kwenye simu: mfanyakazi anapaswa kumwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa, na asirudishwe pale hadi irekebishwe. Nyapara akasoma polepole, akanirudishia simu. "Dada, sheria hii haiamki saa kumi na moja alfajiri."

Siku ya pili pia hakuitwa. Siku ya tatu meneja mwenyewe alikuja kusimama langoni, akamwita kwa jina mbele ya wote. Ujira wa siku mbili hakulipwa, na hilo linanikera mpaka leo. Mwezi ule hakuna mtu aliyekuja kwenye benchi ila kununua mahamri. Walikuwa wakimtazama yule kijana. Alipoendelea kuitwa, ndipo dereva mmoja akakaa karibu yangu akaniambia kwamba siku tisa anaongeza mafuta ya breki kwa pesa zake.

Wiki hii daftari lina mambo mawili. Paa linavuja karibu na swichi kubwa. La pili ni kwamba karani mmoja alionekana akipita chini ya uma za foklifti zilizoinuliwa, anaongea na simu. Karani huyo ni mimi, na aliyeniandikisha ni mama mfagiaji.