Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya mezani, kuanzia oda hadi nyaya za mgongoni

Kabla ya oda

Kupanga nyaya hakuanzi siku ya kufunga mashine. Kunaanza siku ya kuchagua vifaa, kwa sababu waya uliopungua sentimita 5 hakuna fundi atakayeurefusha kwa kuuvuta, na kasha lenye mgongo mwembamba halipanuki. Ndiyo maana orodha ya mradi huu ina safu tatu: kifaa, kinanunuliwa wapi, na waya wake unapita wapi.

Vifaa: ubao mama wa saizi ya ATX (milimita 305 kwa 244) wa soketi ya AM5 (kiti cha prosesa za AMD), prosesa ya wati 65 na kipoza chake, vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda) aina ya DDR5, SSD (diski) ya M.2 ya TB 1, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, SSD nyingine ya SATA, inayounganishwa kwa kebo, kadi ya michoro inayotaka plagi mbili za pini 8, pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme kwa mashine nzima) ya wati 750 ambayo kebo zake huchomoka, feni tatu za milimita 120, na kasha.

Urefu wa kadi na kimo cha kipoza kila mtu hukumbuka kuvipima. Kinachosahauliwa ni nafasi iliyopo kati ya bamba linalobeba ubao mama na mlango wa nyuma. Kebo ya pini 24, inayopeleka umeme kwenye ubao mama, ni nene, na ikipishana na nyingine, mlango wenye nafasi ya milimita 15 haufungi mpaka usukumwe. Mlango wa kusukumwa hukandamiza plagi za SATA, na kile kipande cha plastiki chenye umbo la L kwenye diski huvunjika kirahisi mno. Lengo hapa ni milimita 20 au zaidi, na kasha ambalo maelezo yake hayataji kipimo hicho limeachwa.

Kipimo kingine ni waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 unaogawanyika 4 na 4. Pawa saplai inakaa chini, tundu la waya huo liko kona ya juu ya ubao. Njia yote ya nyuma imepimwa kwa uzi, pamoja na kona zake: sentimita 58. Pawa saplai iliyochaguliwa ina waya wa sentimita 70, na urefu huo umeandikwa kwenye ukurasa wa bidhaa. Vipimo vya wazi vya nyaya ni dalili nzuri kwa mtengenezaji yeyote.

Mtandaoni au dukani

Kanuni iliyoongoza mradi: kifaa ambacho namba ya modeli inasema yote kinanunuliwa mtandaoni, kinachotaka jicho na mkono kinanunuliwa dukani.

Prosesa iliyo kwenye boksi lake lenye lakiri haina cha kuficha, hivyo imeagizwa. RAM pia, na hapa mtandao unashinda kwa mbali. Dukani unapata kijiti kilichopo. Mtandaoni unachagua pakiti ya vijiti viwili vilivyopimwa pamoja kiwandani, kasi na ucheleweshaji unaoutaka. Vijiti viwili vinatosha. Vinne kwenye DDR5 mara nyingi hulazimisha kasi kushuka. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo usihesabu pini kuhakiki aina. Soma lebo.

Ubao mama umenunuliwa dukani kwa sababu moja tu: soketi. Kwenye AM5 pini 1,718 ziko kwenye ubao, nyembamba kuliko nywele za brashi, na pini moja iliyolala inatosha kufanya upande mmoja wa RAM usionekane. Dukani kifuniko kinafunguliwa mbele ya muuzaji, taa ya simu inaelekezwa kwa pembe, na mistari ya pini inatakiwa kung'aa sawasawa. Pini iliyopinda inaonekana kama doa. Ukikutana nalo nyumbani baada ya siku nne, kumthibitishia muuzaji kwamba si wewe uliyeipinda ni kazi ngumu sana. Kifuniko chenyewe kitunzwe, kwa sababu madai mengi ya dhamana hukataliwa ubao ukirudi bila hicho.

Kasha nalo limetoka dukani. Lina kioo, ni zito, na usafirishaji wake hula faida yote ya bei ya mtandaoni. Kadi ya michoro imenunuliwa palipo na dhamana inayoshughulikiwa karibu, kwani ndicho kifaa ghali kuliko vyote na feni zake ndizo huchoka kwanza. Vidude vidogo, yaani velkro, skrubu na kebo tai (vibano vya plastiki vya kufungia nyaya), havistahili hata kufunguliwa tovuti.

Pawa saplai inaweza kununuliwa popote mradi lebo isomwe. Tafuta safu ya volti 12. Ya mradi huu ina ampea 62, na 62 mara 12 ni wati 744, karibu yote iliyoahidiwa. Kifaa kilichoandikwa "750" kwa herufi kubwa huku volti 12 ina ampea 30 ni pawa saplai ya wati 360 iliyovaa nguo ya kuazima.

Kulinganisha bei kunafanywa kwa jumla inayofika mlangoni: bei, usafiri, ushuru na kodi, ada ya benki ya kubadili fedha. Kisha uliza nani analipa usafiri wa kurudisha kifaa kibovu. Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua. Na kwenye masoko ya mtandaoni yenye wauzaji wengi, jina la tovuti si jina la muuzaji. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na wauzaji kumi wa bidhaa moja, kila mmoja na masharti yake.

Ratiba nayo ni sehemu ya ununuzi. Ubao mama haupimiki bila prosesa na RAM, lakini siku za kurudisha zinaanza kuhesabiwa kifaa kikishafika. Kwa hiyo vinavyojaribika peke yake (pawa saplai, SSD, feni) vimenunuliwa kwanza, na vile vinavyotegemeana vimepangwa vifike ndani ya wiki moja. Kununua ubao leo kwa punguzo na prosesa baada ya miezi miwili ni kuutupa muda wa kurudisha.

Mizigo imefika

Kila boksi limepigwa video bila kukatisha, kuanzia lebo ya usafirishaji hadi namba ya serial ya kifaa chenyewe. Namba ya boksi na ya kifaa lazima zifanane.

Pawa saplai imejaribiwa nje ya kasha: kwenye kebo ya pini 24, pini ya 16 imeunganishwa na ya 17 kwa kipande cha waya, ndipo swichi ikawashwa. Nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, kwa hiyo fuata mchoro, si rangi. Feni isipozunguka usiogope. Baadhi huzungusha feni mzigo ukipanda tu. Mita ndiyo inayosema kweli: volti 12 ikae kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25.

SSD za bei ya kushangaza huwa na ujazo wa uongo: programu ndogo ndani yake hutangaza TB 1 na kuandika juu ya data ya zamani ikijaa. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma tena, kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux. Jaribio hili linahitaji diski tupu na linachukua muda, basi lifanywe kabla ya kusakinisha chochote. Windows ikionyesha GB 931 kwa diski ya TB 1, huo si wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024.

Kufunga, na njia za nyaya

Vinguzo vya shaba (vijiti vifupi vinavyoinua ubao kutoka kwenye bamba la kasha) vimehakikiwa kwanza. Ubao wa ATX kwa kawaida una matundu 9 ya skrubu. Kinguzo kilichobaki mahali ambapo ubao hauna tundu kinaweza kugusa viungo vya nyuma na kuleta shoti, na mashine inakataa kuwaka bila maelezo yoyote.

Prosesa, RAM (nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa), M.2 na kipoza vimefungwa mezani, juu ya boksi la ubao. Hapa kuna jambo la kusoma kwenye kitabu cha ubao: kwenye baadhi ya mbao, nafasi fulani ya M.2 ikijazwa, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Ukiyachomekea hayo SSD ya pili utaamini imekufa.

Kisha ubao ukaingia, na mpangilio wa nyaya ukafuatwa hivi. Waya wa prosesa umetangulia, kabla hata ya skrubu zote kukazwa, kwa sababu tundu la kona ya juu ni jembamba na kipoza hufunika njia ya vidole. Plagi hii na ile ya kadi ya michoro zote zina pini 8, lakini volti 12 na ardhi zimekaa kinyume. Maumbo ya pini yanazizuia kuingiliana. Ikikataa, usilazimishe, angalia maandishi.

Ikafuata kebo ya pini 24, ikipita tundu lililo mkabala kabisa na plagi yake ili ionekane fupi kwa mbele. Ubao ushikiliwe kwa nyuma unapoisukuma, maana nguvu inayohitajika huweza kuukunja. Halafu USB 3 ya mbele, yenye pini 19, ambayo ndiyo katili kuliko zote: kebo ni ngumu, pini ni laini, na kuivuta kwa pembe huinamisha pini au kung'oa kava lake. Imeingizwa wima na kebo ikaachiwa mkunjo mpana.

Kwenye kundi la pini za ubao linalopokea nyaya za mbele ya kasha, nyaya za kitufe cha kuwasha zimekaa pini 6 na 8, za kuanzisha upya 5 na 7. Vitufe havijali upande. Taa zinajali: ya umeme ni 2 na 4, ya diski 1 na 3, chanya ikiwa kwenye namba ndogo. Waya wa sauti ya mbele umepita chini kabisa ya ubao, mbali na kadi.

Feni tatu, kila moja ya ampea 0.2, zimeunganishwa kwa kigawanyi kimoja. Jumla ni 0.6, na tundu la ubao kwa kawaida hubeba ampea 1. Kigawanyi kizuri hupitisha waya wa kuhesabu mizunguko kutoka feni moja tu. Hesabu za feni mbili zikichanganywa, ubao husoma upuuzi. Ukiwa na taa za rangi, tofautisha pini 3 za volti 5 na pini 4 za volti 12. Ukanda wa volti 5 ukipata 12 unaungua papo hapo.

Kadi ya michoro imekuja mwisho, na kebo mbili zinazojitegemea kutoka pawa saplai, si moja yenye vichwa viwili. Tundu la pini 8 limepangiwa wati 150. Kwa kadi zenye plagi mpya ya pini 16, plagi izame hadi mwisho, na waya usikunjwe ndani ya milimita 35 za kwanza, maana mguso usiokamilika ndio unaoyeyusha plastiki.

Na hili liandikwe kwenye karatasi ndani ya boksi: kebo za kuchomoka za pawa saplai moja zisitumike kwenye nyingine, hata zikiingia vizuri. Upande wa vifaa una kiwango, upande wa pawa saplai hauna. Volti 12 ikitokea mahali pa volti 5, diski zote zinakufa kwa sekunde moja. Kebo zilizobaki zimefungwa mfuko mmoja wenye jina la modeli.

Kuwasha, halafu ndipo kukaza

Hakuna kebo tai hata moja iliyokazwa kabla ya mashine kuwaka. AM5 mara ya kwanza hufanya mazoezi ya RAM (ubao unaijaribu na kuipangia mipangilio yake), na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Wengi huzima katikati na kuanza kubomoa mashine nzima. Subiri. Ilipowaka, wasifu wa EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa kwenye RAM) umewashwa na Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikaachwa usiku kucha. Kosa hata moja ni sababu ya kurudisha RAM.

Mgongoni sasa. Kebo nene, yaani ya pini 24 na zile za kadi, zimelazwa sambamba kwenye mfereji wa kati, bila kupandana, zikashikwa kwa velkro mahali pane. Waya wa prosesa umefuata ukingo wa nje. Nyembamba zimekuja juu yake. Urefu uliozidi umekunjwa kwa umbo la S ndani ya chumba cha pawa saplai, upande wa mbele, pasipo kuziba feni yake. Kebo tai zimetumika kwa nyaya za feni pekee, zikaachwa zilegee kiasi cha kuzungushwa kwa kidole na kukatwa usawa wa kichwa, kwani ncha iliyobaki hukata ngozi kama wembe. Kebo ya data ya SATA haikukunjwa kona kali.

Kuhusu joto: nyaya nadhifu pekee hazishushi digrii za maana, isipokuwa zilikuwa zimeziba feni za mbele. Faida yake iko kwingine. Hakuna waya unaogusa mapanga ya feni, vumbi linapulizwa kwa dakika chache, na diski inabadilishwa bila kugusa kebo nyingine yoyote.

Bado: kebo ya data ya SATA ya sentimita 50 inazidi, itawekwa ya 30. Feni ya nyuma inatoa mtetemo mdogo ikifika mizunguko 1,100 kwa dakika. Skrubu zake zitabadilishwa kwa vishikizo vya mpira kabla ya kuilaumu feni yenyewe.