Nilivyomweleza mjomba sumu ya kifutu kwa papai bichi

Msimu wa korosho uliopita binamu yangu aling'atwa na nyoka aitwaye kifutu akiokota korosho Tandahimba. Mjomba akamfunga mpira wa baiskeli chini ya goti, akaukaza, na safari ya hospitali ikaanza saa kadhaa baadaye. Kijana yuko hai, ila nyama iliyooza mguuni ilibidi ikatwe. Mjomba akabaki anaamini mpira ndio uliookoa uhai wake, na kwetu neno la mjomba ndilo hufuatwa. Nilijua nikishindwa kumweleza, kuna mtoto mwingine atafungwa.

Mimi nafundisha baiolojia Mtwara mjini. Siku ya kwanza nilimwambia sumu ni protini. Akaniuliza, "Mpwa wangu, yai nalo si protini?" Sikuwa na jibu la kumtosha.

Siku ya pili nikaomba vipande viwili vya nyama. Kimoja nikakipaka utomvu wa papai bichi, kingine nikakiacha. Baada ya saa chache kile cha utomvu kilikuwa kinabonyea kwa kidole.

"Utomvu una kimeng'enya, mjomba. Kinakata protini. Kifutu naye ana vya kwake."

Hapo akavuta kigoda. Nikamweleza kuwa kimeng'enya ni uzi wa asidi amino, vipande vidogo vinavyojenga protini, uliojikunja mpaka ukaacha mfuko mdogo, na kinachoingia mfukoni ndicho hukatwa. Cha papai hukata kwa nguvu ya salfa. Kimoja cha kifutu, metaloproteinezi, kimeshikilia zinki mfukoni mwake, nacho hukata protini ya kolajeni inayozishikilia kuta za mishipa midogo ya damu. Damu na maji huvuja, mguu huvimba. Cha pili, fosfolipezi A2, ni kidogo, asidi amino 120 hivi, kimebanwa kwa viungo vya salfa ndiyo maana hakivurugiki kirahisi. Kwa msaada wa kalsiamu hung'oa mkia mmoja wa mafuta kwenye utando wa seli, seli ikatoboka. Cha tatu, hialuronidezi, huyeyusha ute ulio kati ya seli, wenzake wakapata njia. Kwa nyoka hayo ni silaha ya kupatia chakula: panya hudhoofika kabla hajamezwa.

Kilichomgusa zaidi ni kwamba kimeng'enya hakimaliziki kwa kukata. Kikiachia kimoja, hushika kingine.

"Kwa hiyo mimi nilivifungia palepale mguuni?"

"Ndiyo, mjomba. Na damu safi ukaizuia."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza habari za koboko. Nikamwambia sumu yake kubwa ni protini ndogo ambazo si vimeng'enya. Huvuruga neva mpaka pumzi ikate, na aliyeng'atwa naye ndiye wa kukimbizwa hospitali upesi kuliko wote. Kamba haimfai, wembe haumfai.

Jioni ile aliutoa mpira uliokuwa ukining'inia mlangoni, akaurudisha kwenye baiskeli. Akanituma kwa kijana wa bodaboda wa jirani, tukapatane bei ya safari ya usiku kwenda hospitali.