Mwaka unaenda wapi jamani

Kwani ni mimi tu naona Januari ilikuwa juzi? Tukiwa watoto likizo ya Agosti ilikuwa haiishi, unacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yanajaa vumbi na bado shule iko mbali. Kuna Mfaransa, Paul Janet, alielezea hii kitu karne ya 19, ati mtoto wa miaka 5 mwaka mmoja ni asilimia 20 ya maisha yake, ukifika 50 ni asilimia 2 tu. Sawa, lakini mi naamini zaidi ni kumbukumbu, ubongo hushika vitu vipya na sisi ni matatu ya Thika Road, kazi, matatu tena, renti, unalala. Jumamosi nilipeleka mtoto msitu wa Karura kuona maporomoko na aki hiyo siku ilikuwa ndefu, tamu sana.