Meno ya Chuma kwenye Njia ya Kutokea

Kwa miaka kadhaa nimesimamia uwanja wa maegesho wenye njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, na kilichonipa kazi na mawazo kuliko vyote si kamera, si boriti ya geti wala mashine ya kusoma tiketi, bali ni mstari wa meno ya chuma uliolala kwa upana wote wa njia ya kutokea. Wengi huyaita miiba. Mimi nimezoea kuyaita meno, kwa kuwa mwiba umesimama wakati wote na humchoma yeyote anayeukanyaga, ilhali haya hulala kwa anayepita upande unaoruhusiwa na husimama imara mbele ya anayekuja kinyume. Nayaandikia kwa sababu nimeona mara nyingi yakiwekwa mahali pasipofaa, na yakiwekwa vibaya humwadhibu mtu asiye na kosa.

Namna yanavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Kila jino ni kipande cha bamba nene la chuma, chenye mgongo wa mteremko upande mmoja na ncha upande wa pili, kilichotobolewa tundu na kupitishwa kwenye mhimili uliomo ndani ya kasha la chuma. Gurudumu likija kutoka upande wa mgongo, uzito wa gari hulisukuma jino chini, nalo huzunguka kwenye mhimili na kuzama ndani ya kasha hadi gurudumu lipite. Kisha springi hulirudisha juu, au katika miundo isiyotumia springi, hurudishwa na kitako chake chenyewe, ambacho huwa kizito kuliko ncha. Gurudumu likija kutoka upande wa pili, kitako hugota kwenye ukingo wa kasha, jino hukosa pa kuzungukia, na ncha huingia kwenye tairi. Hapahitajiki umeme, mtambo wa kompyuta wala mlinzi wa kubonyeza kitufe, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa maana hata taa zote za uwanja zikizimika meno yanaendelea na kazi.

Aina zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza hufungwa kwa bolti juu ya lami au zege, ikiwa na mteremko mfupi kila upande kama tuta dogo. Ni nyepesi kufunga, na ukikosea mahali unaweza kuihamisha, lakini magari yenye uvungu mfupi huikwaruza. Ya pili huzikwa ardhini ili uso wa kasha ulingane na uso wa barabara. Hii hupendeza na haitikisi gari, ila inataka shimo lililochimbwa vizuri na njia ya kutolea maji, la sivyo kasha hugeuka kuwa dimbwi. Aina zote mbili ni za mwendo mdogo sana, na watengenezaji wengi huelekeza kilomita 8 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kwa sababu hiyo ni busara kuweka tuta kabla ya meno, kwa kuwa gari linaloyapita kwa kasi huyapiga badala ya kuyakanyaga, na jino lililopigwa kila siku hupinda mhimili wake mapema.

Kabla sijafika kwenye jambo lililonifanya niandike, naomba niseme wazi yale ambayo meno haya hayawezi kuyafanya. Hayasimamishi gari. Vizuizi vinavyokusudiwa kusimamisha gari kwa nguvu hupimwa kwa kugongwa na gari lenyewe. Katika kiwango cha ASTM F2656 kinachotumika Marekani, kwa mfano, kizuizi cha daraja la M50 hugongwa na lori la kilo 6,800 hivi likienda kilomita 80 kwa saa. Meno ya njia ya mwelekeo mmoja hayamo katika familia hiyo. Mwizi asiyejali ringi zake anaweza kuyapita na kuendelea kwa umbali fulani matairi yakiwa yamekwisha upepo, na yapo matairi yaliyoimarishwa ubavuni ambayo yameundwa yaendelee kubeba gari bila upepo kwa takribani kilomita 80, mradi mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Meno hayamzuii aliyeazimia; kazi yake ni kumfanya dereva wa kawaida, anayetaka kukwepa malipo au kukatisha njia, aone kwamba hasara ni kubwa kuliko faida. Vilevile yasichanganywe na mikanda ya miiba inayotandazwa na polisi barabarani, ambayo sindano zake huwa na uwazi ndani ili upepo utoke taratibu na dereva asipoteze usukani. Meno ya getini hukata tu.

Nilijifunza ukali wa kukata huko siku za mwanzo, nikiwa bado naamini kwamba fundi aliyeyafunga alijua anachokifanya. Meno yalikuwa yamewekwa ndani ya boriti, kama mita mbili hivi kabla ya kuifikia, kwa hiyo gari liliposimama kwenye mashine ya tiketi magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka na ya nyuma bado. Jioni moja dereva mmoja alifika pale, akaingiza tiketi, mashine ikaikataa kwa kuwa hakuwa amelipia kwenye dirisha la malipo lililo ndani. Nyuma yake hapakuwa na gari. Akafanya ambalo dereva yeyote muungwana angelifanya, yaani aliangalia kioo, akaweka rivasi, akarudi nyuma ili akalipe. Nilisikia milio miwili mfululizo kama gunia zito lililoangushwa, na kichwa cha gari kikainama.

Nilipopiga magoti pembeni ya gurudumu la kushoto nikaona tairi limekatwa mahali pawili, na kila mkato una urefu wa kidole changu cha kati, kingo zake zimepinduka kwa nje na nyuzi za ndani zimechomoza. Haikuwa pancha ya msumari ambayo fundi huiziba kwa kiraka. Matairi yote mawili ya mbele yalikuwa ya kutupwa. Dereva hakuniambia neno baya. Aliniuliza tu ni wapi palipoandikwa kwamba haruhusiwi kurudi nyuma, na nilipotazama nikakuta kweli hapakuandikwa. Bango kubwa jekundu tulikuwa nalo, lakini liliwatazama wanaokuja kutoka nje. Aliye ndani aliona mgongo wake.

Uwanja ulilipa matairi yale, na mimi nikaanza kuupima upya kila mita ya njia ile. Nilichokiona ni kwamba jino halitambui nia ya mtu bali upande gurudumu linakotokea, kwa hiyo nia hiyo lazima izingatiwe na anayechagua mahali pa kuliweka. Mahali popote ambapo dereva mwenye haki anaweza kulazimika kurudi nyuma, hata kwa nusu mita, si mahali pa meno. Mbele ya mashine ya tiketi si mahali pake, kwa sababu tiketi hukataliwa. Kwenye mwinuko si mahali pake, kwa sababu gari la gia za mkono hurudi kidogo kabla klachi haijashika. Kwenye kona si mahali pake pia, kwa kuwa gurudumu linalokata kona huyakanyaga meno kwa mshazari na kuyasukuma kwa ubavu, jambo ambalo mhimili haukuundwa kulistahimili.

Tuliyahamishia nje ya boriti, kwenye sehemu tambarare na iliyonyooka, mbali kiasi kwamba gari linapoisubiri boriti ifunguke halijayagusa kabisa. Hata hivyo kuyasogeza nje kuna mpaka wake. Kati ya meno na barabara kuu ni lazima ibaki nafasi ya gari zima kusimama, kwa sababu mbili: anayetoka husubiri magari ya barabarani yapite, na akisubiri huku magurudumu ya nyuma hayajavuka, au yamevuka kwa kiasi kidogo tu, tumerudi kwenye tatizo lile lile, na aliyekosea njia kutoka nje anahitaji mahali pa kusimama, kusoma bango, kutambua kosa lake na kugeuza, badala ya kujikuta ana meno mbele na foleni inayompigia honi nyuma. Bango likiwa juu ya meno yenyewe limechelewa. La kwetu sasa lipo mwanzoni mwa njia, lingine lipo katikati, kasha limepakwa rangi ya njano, taa huwaka juu yake usiku kucha, na ndani ya boriti kuna bango linalomtazama anayetoka likimwambia asirudi nyuma akishavuka mstari.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini meno haya hayafungwi kwenye miteremko ya kutokea ya barabara kuu, ambako dereva anayeingia kinyume husababisha vifo. Wazo hilo lilijaribiwa katika jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1960, na halikufaulu. Meno hayakutoa upepo kwa haraka ya kutosha kulizuia gari lisiingie barabarani. Chini ya wingi wa magari yalivunjika na kuacha visiki vilivyoharibu matairi ya waliokuwa wakienda sawasawa. Na baadhi ya madereva waliokuwa kwenye upande wao halali, walipoyaona, walifunga breki ghafla. Hilo la mwisho ndilo ninalolikumbuka kila mara, kwa sababu mwanadamu anayeona ncha za chuma mbele yake hasimami kwanza kutafakari zimeelekea wapi. Anaogopa. Hata kwenye uwanja wangu wapo wageni wanaosimama kabla ya meno na kunyoosha shingo nje ya dirisha, na mlinzi huwaashiria kwa mkono wapite. Ndiyo maana nayakubali tu pale ambapo mwendo ni mdogo na mlinzi yupo karibu.

Watembea kwa miguu wasipitishwe hapo hata kidogo. Kisigino chembamba huingia kati ya jino na jino, gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu hunasa, na mtoto huvutiwa kukibonyeza chuma kinachoruka. Pikipiki na baiskeli nazo zipewe njia yake pembeni, kwa kuwa bamba la chuma lililoloa huteleza hata ukipita kwa upande sahihi, na mwenye magurudumu mawili akiteleza huanguka juu ya kile kile alichokuwa akikikwepa. Kwetu tulikata njia nyembamba yenye vigingi, gari haliwezi kupita, na hapo pakawa shwari.

Matunzo ndiyo sehemu inayosahaulika. Mchanga, majani makavu na vifuniko vya chupa huingia ndani ya kasha, na kokoto moja ndogo chini ya jino inatosha kulifanya jino lisizame. Basi anayetoka kwa haki hulikuta limesimama kama ukuta. Kila wiki tunaifunga njia, tunafungua vifuniko, tunafagia na kumwaga maji mpaka yatoke safi upande wa mtaro, kisha tunalijaribu jino moja baada ya jingine kwa kipande cha mbao, kamwe si kwa mkono wala kwa kiatu. Grisi naipaka kidogo sana kwenye mhimili, kwa sababu ikizidi hugeuka kuwa gundi ya vumbi. Siku nyingine zote nasikiliza. Mstari wenye afya hutoa kishindo kimoja kikavu mhimili wa mbele wa gari unapopita na kingine wa nyuma unapopita; springi ikikatika, jino lake hubaki limelala, na kishindo huwa hafifu upande mmoja. Mara mbili nimeligundua jino bovu kwa sikio nikiwa ofisini, kabla ya mlinzi kuliona.

Jambo moja nisingekubali kulikosa kwenye kasha lolote ni komeo la kuyalaza meno yote kwa pamoja. Moto ukizuka, gari la zimamoto huingia kwa geti lolote lililo karibu, na gari la wagonjwa halina muda wa kuzunguka. Ufunguo wa komeo letu umetundikwa ndani ya kibanda cha walinzi, kwenye msumari wake peke yake. Mlinzi mpya, kabla hajapewa zamu ya kwanza ya usiku, huzima taa ya njia ya kutokea, huchukua tochi na ufunguo, huyalaza meno, hupita juu yake na mbao kutoka upande wa ncha ili ahakikishe kwamba hakuna lililobaki limesimama, kisha huyainua tena. Mimi husimama pembeni na saa mkononi, na akichukua zaidi ya dakika moja tunarudia.